Binti Ambaye Hukumpa Kwao

Mukuru kwa Njenga, Ijumaa

Baba Mumo,

Kesho saa tisa mchana nitaishika tena ile maikrofoni yako, na kabla sijaishika kuna jambo nataka kukuomba. Najua hutanijibu. Hata ukiwa hai hukuwa mtu wa kujibu. Nilikuwa nikikuuliza kitu kigumu unakunywa maji yako ya chumvi, unakohoa, unaniambia, "Mama, washa mashine." Basi leo nisikilize mpaka mwisho, kwa sababu huko uliko hakuna mashine ya kuniambia niwashe.

Kwanza habari za huku. Lori lako la mbao amepewa kijana mmoja anayekanyaga breki kama anaua nyoka. Mama Mumo amekonda lakini kanisani anakuja. Mimi bado niko kiwanda cha plastiki, bado napanga ndoo, na bado natembea kwenda na kurudi. Ukumbi wa kanisa kule Umoja ulikaa wiki saba bila sinema baada ya wewe kutuacha. Kamati ikajaribu kuonyesha picha bila mtu wa kuitafsiri. Kizungu kikamwagika pale robo saa, watu wakaanza kutafuta viatu vyao. Nyanya Rael, yule wa benchi la mbele, alisimama akasema, "Hii ni kutazama wazungu wakitafuna maneno. Twendeni nyumbani." Wakaenda. Ndipo wakaniita mimi.

Nilikubali haraka kuliko inavyomfaa mtu aliyefiwa. Nakuambia ukweli, niliitaka hiyo maikrofoni tangu siku ya kwanza uliponikabidhi kuzungusha mikanda. Nilipoishika nikakuta waya bado umefungwa kwa ile plasta yako ya vidonda, nikalia pale pale mbele ya mwenyekiti, akadhani ni woga.

Lakini mji umebadilika, Baba Mumo. Uliondoka kabla mambo hayajachemka. Kura za vyama vingi zimebaki siku chache, na watu ambao mwaka jana walikuwa wakikopeshana chumvi sasa wanasalimiana kwa vidole vya chama. Mwezi jana tuliamka tukakuta vikaratasi vimebandikwa milangoni, huku Mukuru na kule Umoja pia. Havikutaja kabila. Viliandikwa tu, "Mliokuja juzi mnajijua. Rudini kwenu kabla ya kura." Sasa nani hakuja juzi? Katika Nairobi hii kila mtu alikuja juzi. Kwa hiyo kila mtu alisoma akadhani ni yeye, na kila mtu akamtazama jirani akidhani ndiye aliyebandika. Mimi nilikibandua changu nikakitia jikoni, lakini maneno yake yalikuwa yameshaingia kichwani.

Na katika hali hiyo kamati ikasema tuanze na ile picha ya meli, kwa sababu ndiyo inayopendwa.

Unajua nilivyoipenda. Katika picha nne alizotuachia yule padri mzee, hiyo tu ndiyo ilikuwa na rangi na nyimbo. Meli nyeupe kubwa ya mtoni, gurudumu nyuma linapiga maji, na waimbaji wanaishi humo humo, wanapita mji hadi mji wakiimba. Siku ya kwanza kukusikia nilikuwa nimesimama mlangoni kwa sababu mabenchi yamejaa. Ukasema, "Ndugu zangu, hii mnayoiona si meli. Hii ni ploti inayoelea. Landilodi mmoja, bomba moja, na kila chumba kina kelele yake." Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Mimi niliyekuwa na miezi mitatu Nairobi, nikilala chumba kimoja na binamu zangu watatu, nilicheka mpaka nikasahau kwamba nilikuwa nimeamua kurudi Bungoma.

Halafu ukaanza kuwapa watu kwao. Hapo ndipo nilipojua wewe si mtafsiri wa kawaida. Kapteni ukasema ni mtu wa Nyeri, anahesabu hata mawimbi. Mke wake anayefokea wapishi ukamtoa Kakamega, ukasema anapika kana kwamba harusi ni kesho. Mpiga tarumbeta mwenye viatu vya kung'aa akawa wa Siaya, na alipotokea tu mabenchi ya nyuma yakaanza kushangilia kana kwamba ni mjomba wao amefika na basi la asubuhi. Na yule mcheza kamari, mwenye kofia na maneno matamu, ukampa kwenu Kitui. Ulisema mtu akitaka kucheka watu aanzie nyumbani kwake. Ukanifunza kwamba kila mtu apewe kosa moja na wema mmoja, asitoke mtu ukumbini amebeba ubaya peke yake. Nimeshika hilo. Kapteni alikuwa mchoyo lakini ndiye aliyeruka majini kumwokoa mpishi, na wewe ulikuwa unasubiri pale, unapumua, unasema, "Haya, watu wa Nyeri, simameni mpigiwe makofi." Nao walikuwa wanasimama!

Mmoja tu hukumpa kwao. Yule binti anayeshona mavazi ya waimbaji, ambaye baadaye anaimba kuwashinda wote. Watu wakiuliza ni wa wapi ulikuwa unasema, "Huyu ni wa kila mtu," na unaendelea. Mkanda wa tatu ukifika pale meli inapotia nanga, binti anashuka kwenye ule ubao wa kushukia na kasha lake mkononi, wote sitahani wanalia, wewe ulikuwa unasema kwa sauti ya chini, "Mama yake ni mgonjwa. Anaenda kumuuguza." Kina mama walikuwa wakisema "pole mwanangu" kwa sauti. Nyanya Rael alikuwa akimwombea yule mama mgonjwa kanisani, nakuapia, kwa jina la "mama wa yule wa kwenye meli."

Mimi ndiye niliyekuwa nakaa na ile mashine siku za kazi nikipangusa mikanda. Nilikuwa naiwasha peke yangu nisikilize Kizungu cha kidato cha pili nilichonacho. Nilirudia pale mara nyingi, mpaka siku moja nikaelewa. Hakuna mama mgonjwa. Wakubwa wa ule mji wanakuja na karatasi, wanamwambia kapteni meli haitaonyesha mchezo hapa mpaka huyo msichana ashuke, kwa sababu kabila la mama yake halitakiwi kuimba mbele ya watu wao. Kapteni anatazama chini. Wote wanatazama chini. Binti anachukua kasha.

Nilikuja kwako mbio kama mtu aliyeokota dhahabu. Ukanisikiliza umeegemea lori, umevaa zile akala zako za matairi za Kariokor, ukasema kwamba ulijua siku zote. Nikauliza kwa nini unawadanganya watu. Ukaniambia, "Nikisema ukweli wataniuliza ni wa wapi. Na mimi nitampa kwao wapi, Nekesa?"

Nikakuita mwoga.

Nilisema zaidi ya hapo. Nilisema wewe ni mzee wa vichekesho tu, kwamba unapenda kupigiwa makofi, kwamba mtu anayeogopa ukumbi asishike maikrofoni. Unanijua ulimi wangu. Ulipanda lori ukaondoka. Jumamosi mbili nilikuja, nikazungusha mikanda bila kukusalimia, mimi mtoto wa juzi namnunia mtu wa rika la baba yangu. Kisha presha ikakuangusha pale getini kanisani, na nikasikia umelazwa, nikasema moyoni nitaenda kumwona Jumapili baada ya ibada, nimwache kwanza ajue nimekasirika. Ulikufa Jumamosi.

Nimekaa nikaitazama hii karatasi mpaka chai imepoa.

Tulikusindikiza Kitui na basi zima la ukumbi, na wengine wakasimama njia nzima. Pale kaburini niliona kitu ambacho kila mtu alikiona na hakuna aliyekitaja. Tulikuzika kwa wakwe zako. Ukuta wa nyumba ya babake Mama Mumo ulikuwa hatua kumi kutoka kaburini, na wa upande wako hakuja hata mmoja kutupa udongo. Mwanamume hazikwi kwa wakwe bila sababu, hilo hata sisi tusio Wakamba tunalijua. Lakini msibani mtu haulizi. Tulikula, tukaimba, tukarudi.

Sasa nikuambie nilichofanya Jumamosi iliyopita.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Nilianza vizuri. Niliwapa wote kwao kama ulivyowapa, nikaongeza vichekesho viwili vyangu, na vikaingia. Lakini niliona vijana fulani wamesimama nyuma hawacheki. Wengine ni wa kutoka mbali, wamekuja na fulana za chama. Kila nikitaja mji, wanatazamana. Ungekuwa wewe ungewasoma tangu mapema. Mimi nilijiona mwalimu mkuu. Mkanda wa tatu ukafika, meli ikatia nanga, na nikasema kwa sauti ya mtu anayewafungua watu macho, "Hana mama mgonjwa huyu. Wanamteremsha kwa sababu ya kabila la mama yake."

Nilijivuna, Baba Mumo, kwa muda wa kama kumeza mate nilijivuna kabisa.

Kisha kijana mmoja wa jaketi la jinzi, wa hapa hapa Umoja, akaita kutoka nyuma akicheka, "Sister, si utuambie ni wa wapi?" Mwingine akasema, "Kabila gani?" Na wengine wakaingilia, "Sema! Sema!" Si wote waliosema kwa ubaya. Tumewazoesha hivyo, wewe na mimi, kwamba kila mtu kwenye ile meli ana kwao. Walitaka haki yao. Nikafungua mdomo niseme ni wa kwetu Bungoma, ni Nekesa kama mimi, hata nilikuwa nimelipanga hilo jibu kichwani tangu nyumbani, zuri, la kishujaa. Nikawaona wale wa fulana. Nikakumbuka kile kikaratasi kwenye mlango wangu wa mabati. Nilisimama pale na maikrofoni mdomoni kama mtu anayenyonya muwa.

Kwa kuwa sikusema, wakajisemea. Huku wakasema ni wale, kule wakasema ni hawa. Benchi likaanguka. Soda ikarushwa ikapasukia karibu na pazia. Na pale mlangoni, nikiona kwa macho yangu, wakamgeukia Mama Njugu. Unamkumbuka, yule anayeuza njugu kwa vikoni vya gazeti, aliyekuwa akikuwekea chako bure. Mtu akamwambia, "Ni wewe huyo, shuka!" Wakamsukuma. Sinia yake ikaenda chini na watu wakakanyaga njugu wakikimbia. Hakulia. Aliokota sinia akaipangusa kwa kanga.

Siku iliyofuata alipakia vitu vyake kwenye mkokoteni, kitanda, meza, watoto wawili juu, akaenda kwa dada yake Kariokor. Miaka kumi na moja alikaa Umoja. Kwa hiyo nilikuita mwoga kwa sababu ulikataa kumteremsha mtu wa kwenye picha, halafu mimi shujaa nikamteremsha mtu mzima mwenye watoto.

Juzi Jumatano nikaenda kwa Mama Mumo. Nilitaka kumwambia ainuke yeye aiambie kamati itafute mtu mwingine. Akanipa uji, akaniacha niseme yote, hata yale ya lori na neno lile nililokuita. Kisha akaniambia kile ambacho hukuwahi kuniambia.

Aliniambia mama yako hakuwa Mkamba. Alinitajia kabila lake na sitaliandika hapa. Aliniambia kwamba baba yako, mzee Kioko, alipofariki, ndugu zake walingoja matanga yaishe, wakaleta kasha la mama yako wakaliweka kando ya barabara, wakasema huyu na mtoto wake si wetu. Ulikuwa na miaka tisa. Ulibeba upande mmoja wa kasha na yeye upande mwingine. Mwaka haukuisha, mama yako akafa. Na maisha yako yote, mtu akikuuliza kwa nini mliondoka kwenu, Mama Mumo anasema jibu lako lilikuwa moja, kwamba nyanya yako aliugua na mkaenda kumuuguza.

Nilikaa pale na kikombe mkononi nikiona aibu mpaka masikioni. Wewe hukuwa unawadanganya wale watu. Ulikuwa unawaambia kile ulichokuwa unajiambia mwenyewe, kila Jumamosi, kwa miaka minane. Na mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwako nikizungusha mkanda.

Nikamwuliza Mama Mumo kama naweza kuwaambia watu. Maana mwenyekiti ameshasema, ama Jumamosi hii nirudishe mama mgonjwa, ama picha ife na ukumbi ufungwe mpaka kura ziishe. Na nikirudisha mama mgonjwa, Mama Njugu atakuwa ameshuka bure, na wale waliomsukuma watajua kwamba kusukuma kunafaa. Lakini nikisema ukweli watauliza tena ni wa wapi. Jibu ninalo moja tu sasa, nalo si langu. Ulilificha miaka arobaini. Mama Mumo akatikisa kichwa. "Mimi siwezi kukukubalia," akasema. "Muulize mwenyewe."

Ndiyo maana nimeandika. Nakuomba ruhusa, Baba Mumo. Nisiposikia kitu mpaka kesho saa tisa nitajua tu kwamba umekufa kweli, na kwamba itabidi niamue mwenyewe.

Jumamosi, jioni

Hukujibu. Nilitazamia nini? Nilikunywa maji yako ya chumvi, ni mabaya sana, sijui uliyamezaje. Mwenyekiti alikuja akaniuliza mara mbili, "Tumeelewana?" Nikamwambia tumeelewana. Nilimdanganya na sijatubu.

Walikuja wengi kuliko wiki iliyopita, na nilijua wamekuja kwa ajili ya mkanda wa tatu. Watu walikaa kwa makabila yao, Baba Mumo. Katika ukumbi ule! Mabenchi uliyoyachanganya kwa miaka minane yalikuwa yamejipanga kama foleni za kura. Nilipomtaja mtu wa Nyeri walicheka wa upande mmoja tu. Mikono yangu ilikuwa na jasho hata nikaogopa kurushwa na umeme. Mama Mumo alikuja, amevaa nguo zake za msiba, akakaa karibu na Nyanya Rael, na hakunitazama hata mara moja.

Meli ikatia nanga. Wakubwa wakaja na karatasi yao. Nilipunguza sauti ya mashine. Nikasema, "Wanamteremsha kwa sababu ya kabila la mama yake." Hata sikumaliza. Kijana yule yule wa jaketi akaita, "Ni wa wapi?" Safari hii hakucheka.

Nilitaka kukuona hata kidogo tu, pale pembeni, unakohoa. Sikukuona.

Nikasema, "Ni mtoto wa Kioko."

Wengine hawakuelewa. Nikasema tena polepole, kwamba huyu anayeshuka na kasha ni Baba Mumo, aliyewasemea picha hapa miaka yote, kwamba yeye na mama yake waliteremshwa hivi hivi akiwa na miaka tisa, na kwamba hakutuambia kwa sababu alijua tutauliza kabila gani. Nikasema, "Mlimsindikiza nyinyi wenyewe. Mliona tulimzika wapi." Basi nikabaki kupumua kwenye maikrofoni na ukumbi mzima ukanisikia napumua.

Picha ilikuwa inaendelea. Binti alikuwa katikati ya ubao. Mzee mmoja wa upande wa madirisha, aliyekuja nasi Kitui, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Kweli. Kwa wakwe." Mwanamke akaanza kulia. Watu wakageuka kumtazama Mama Mumo, naye akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu anayekubali bei. Hapo ndipo nilipojua ameridhia, nikashika meza.

Wale wa fulana wakaanza kusema kitu. Kijana wa jaketi akawakatiza. Sijui kama aliwaambia wao au alijiambia mwenyewe. "Lakini Mzee alikuwa wetu," akasema. Kisha akanigeukia akapiga kelele, "Sister, mrudishe! Rudisha nyuma, apande!"

Nyanya Rael akadakia, "Apande!" Na wengine, na wengine, mpaka mabenchi yakawa yanagongwa. Apande! Apande!

Mashine ina ile swichi ya kurudisha nyuma. Ulinikataza kuigusa mkanda ukiwa kwenye taa, ulisema mkanda huu ni mzee, utakatika. Nisamehe. Niliigusa.

Ulipaswa kuona. Muziki ukawa bwabwabwa na watu wakacheka kidogo. Maji yakarudi kwenye gurudumu. Machozi ya mke wa kapteni yakapanda mashavuni yakaingia machoni. Wakubwa wa mji wakarudi kinyumenyume na karatasi yao mpaka wakatoka kwenye picha. Na binti akapanda ubao, mgongo mbele, kasha mkononi, hatua kwa hatua, akafika juu, akasimama katikati ya wenzake wote. Ukumbi ulipiga kelele ambayo kamwe sijaisikia humo, hata kwa mpiga tarumbeta. Ukiusimamisha mkanda taa inauchoma, unajua, kwa hiyo sikusimamisha. Nilizima mashine yeye akiwa sitahani, nikawasha taa za ukumbi. Hakuna aliyedai picha iendelee.

Sikudanganyi kwamba mambo yamekwisha. Wale wa fulana waliondoka bila kusema neno, na sikupenda jinsi mmoja alivyonitazama. Mwenyekiti hakunipa mkono. Kura bado zinakuja, na sijui Jumamosi ijayo watakaa vipi. Nitakuwa nikimteremsha yule binti kila wiki kwa sababu ndivyo picha ilivyo, na kila wiki nitasema kwa nini. Hilo nakuahidi. Yule mama mgonjwa nimempumzisha. Nyanya Rael ameniuliza jina la mama yako, amwombee huyo sasa, nami nikamwambia akamwulize Mama Mumo.

Neno lile nililokuita kando ya lori, nalirudisha. Nilipaswa kulirudisha ukiwa kitandani unanisikia. Nitaishi na hiyo Jumapili ambayo sikuja.

Wakati nafunga mlango, kijana wa jaketi alikuwa bado amesimama nje. Akaniambia bila kuniangalia kwamba ni yeye aliyemsukuma Mama Njugu. Nilikuwa na tusi tayari na nikalimeza, ungefurahi. Akauliza kwa dada yake Mama Njugu, kule Kariokor, ni upande gani wa soko. Nikamwambia. Akasema mkokoteni anao.

Kwaheri, Baba Mumo. Kesho asubuhi tunaenda kumwomba Mama Njugu arudi, watu kumi na wawili mpaka sasa, na Mama Mumo mbele. Akikataa sitamlaumu. Lakini ataombwa, na ataombwa mbele ya watu, na katika sisi tunaokwenda hakuna atakayemwuliza ni wa wapi.

Mwanafunzi wako,
Nekesa